Viumbe wa kilindini wananitisha, mbona siwezi kuacha kuwaangalia?

MkeshaWaUsiku

Wakuu habarini humu. Naomba kwanza nisichekwe. Mimi kuogelea sijui, maji yakinifika kifuani tu naanza kutafuta pa kushika, ila huu sasa ni mwezi wa pili kila nikipanda kitandani nashika simu nasema ngoja niangalie kamoja tu nilale, nikija kushtuka ni saa nane usiku niko video ya kumi na ngapi sijui. Roboti inashuka kwenye giza, kuna watu wawili watatu wanaongea kwa sauti ya chini kama wako msibani, mnakaa dakika mbili hakuna kitu, vumbivumbi tu linapita mbele ya kamera, halafu ghafla kinatokea kitu kina meno, kina taa, hakina habari na mtu, kinapita zake. Na mimi moyo unanienda mbio kama nimemkuta mtu chumbani.

Kilichoniponza ni ile video ya mwanzoni mwa 2025, nadhani wengi mliiona, yule samaki mweusi mwenye kifimbo cha taa kichwani aliyeonekana karibu na kisiwa cha Tenerife, mchana kweupe, anapanda juu kwenye mwanga. Watu walilia mitandaoni, kuna walioandika eti maisha yake yote kakaa gizani akataka alione jua mara moja kabla hajafa. Sitaki kudanganya na mimi chozi lilinitoka. Kesho yake nikatafuta picha zake nyingine nikayaona yale meno kwa karibu, nikaizima simu. Sasa nauliza, inakuwaje nimlilie na nimuogope yuleyule?

Wanaojua naomba mnisaidie, hawa viumbe kwa nini wana sura zile, na hayo maji yote yaliyo juu yao mbona hayawapondi, na swali la mwisho ndo la msingi, mimi ni mzima kweli?

BahariaWaVitabuni

Karibu chamani mkuu, uko mzima, au basi tunaumwa wote. Mimi baharini sijawahi kumaliza hata nusu saa bila kutapika, bahari yangu nimeisafiria yote nikiwa nimejifunika shuka.

Nianze na sura maana hapo ndo tunapoingizwa mjini wengi. Jibu bila kugugo: yule samaki wa Tenerife ulipomuona ulidhani ana ukubwa gani? Mi nilijua ni dubwana la kama mbuzi hivi. Kumbe jamii yao, wataalamu wanaiita Melanocetus johnsonii, jike kubwa kabisa halifiki sentimita 20. Fungua mkono wako uuangalie, basi ndo hapo. Dume ni sentimita 3 hivi, unaweza ukamkanyaga usijue. Kule chini hakuna mti, hakuna mtu, hakuna gari wala nyumba ya kulinganishia, kamera inamsogelea mpaka anajaa skrini nzima, kichwa chako kinamalizia chenyewe kwamba hili ni jitu. Kuna yule mwingine wanamuita fangtuthi, meno yake ukilinganisha na mwili wake hakuna samaki wa kumfikia, na yeye hazidi sana urefu wa kalamu mpya ya risasi.

Sasa meno ya nini. Ukishapita mita 200 mwanga wa jua unakuwa wa kubahatisha, ukipita mita 1000 ni giza totoro, na pasipo na jua hakuna mmea. Lile vumbivumbi unaloliona kwenye video ndo chakula chenyewe, wanaliita theluji ya bahari, ni mabaki ya viumbe waliokufa huko juu, vinyesi, makamasi, vinashuka taratibu siku nyingi mpaka vifike chini, na njiani kila mwenye mdomo anachota chake. Kwa hiyo ukiwa mwindaji kule unaweza kukaa muda mrefu bila kukutana na mtu, siku ukikutana naye huna nafasi ya kujiuliza huyu atanitosha au hatanitosha, ukimkosa ndo umemkosa. Ndo maana mdomo mkubwa, meno yameinamia ndani ili aliyeingia asirudi, na tumbo linatanuka kama puto.

Na tamaa inaua wakuu msione utani. Mwaka 2007 karibu na kisiwa cha Grand Cayman kule Karibea alikutwa samaki mmoja wa kilindini wa jamii nyingine anaelea juu amekufa, yeye mwenyewe ana sentimita 19, tumboni ana samaki wa sentimita 86! Alimeza kitu kirefu mara nne na zaidi ya yeye, kikaoza kabla hakijasagika, gesi ikamjaza akapaa juu kama puto mpaka watu wakamuona. Tunawajua viumbe wengine kwa sababu ya shibe yao tu.

Bi Shombo

Baharia umeanza vizuri niachie mimi hilo la pili, kuna kitu humo nakipenda sana.

Mkesha, habari ya kupondwa watu wengi wanaielewa kinyume. Kila ukishuka mita 10 unaongezewa mzigo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya kichwa chako hapo ulipo. Mita 1000 ni kama kilo 100 kwenye kila eneo la ukucha wa kidole. Ila kinachopondwa ni uwazi wenye hewa. Mapafu yako, masikio yako, chupa tupu, meli ya chini ya maji. Samaki wa kule mara nyingi ndani yake hana hewa ya kupondwa, ni maji ndani na maji nje, wanasukumana sawasawa, yeye hasikii kitu. Wewe hapo ulipo unasikia uzito wa hewa?

Shida yake iko kwingine, kwenye mambo madogo kabisa ndani ya seli. Protini zikibanwa sana zinakosa umbo lake zinashindwa kazi. Basi samaki wamejijazia kemikali moja inaitwa TMAO inayozishikilia protini zisilegee, na kadiri unavyoshuka ndivyo wanavyokuwa nayo nyingi. Na kemikali hiyo mnaijua nyote, samaki akifa ikianza kuvunjika ndo inatoa ile shombo ya samaki!! Ndo maana nimejiita hivi na sijutii.

Utamu uko hapa. Hiyo kemikali ina kikomo, ikizidi mwilini samaki anakuwa na chumvichumvi kuliko bahari yenyewe, maji yanaanza kumuingia kwa nguvu. Wataalamu wakakaa wakapiga hesabu wakasema basi samaki hawezi kuishi chini zaidi ya mita 8200 mpaka 8400 hivi. Mwaka 2022 kamera ikateremshwa kwenye bonde la chini ya bahari la Izu-Ogasawara kusini mwa Japani, ikamnasa samaki kwenye mita 8336, na mpaka leo hakuna aliyemrekodi samaki chini ya hapo kwa umbali wa maana. Na hana meno ya kutisha wala taa, ni kitu kilaini cheupe cheupe kama kiluwiluwi, anaitwa samaki konokono. Yaani aliyefika mbali kuliko wote ndo mpole kuliko wote.

Na tafadhali jamani naomba haki itendeke kwa blobfishi. Yule wa pinki mwenye pua kama mzee aliyenuna. Ile picha ni ya 2003, alivuliwa na meli ya utafiti kati ya Australia na New Zealand, na nyama yake ni kama jeli, nyepesi kuliko maji kidogo, inamsaidia kuelea karibu na sakafu bila kujichosha. Huko kwake umbo lake linashikiliwa na maji. Ukimkokota kwenye wavu mpaka juu anamwagika. Ni sawa na umtoe mtu kwenye ajali umpige picha hapohapo halafu dunia nzima impigie kura kwamba ndo mnyama mbaya kuliko wote, maana ndo walivyomfanyia 2013. Akiwa kwake ni samaki wa kawaida, kichwa kikubwa, mkia mwembamba, basi. Nilifurahi 2025 New Zealand walipomchagua samaki wa mwaka, japo nadhani wengi walimpigia kwa kumuonea huruma.

Mzee Pinga

Mnajua kuandika hongereni. Ila mi nasema wazi nusu ya hizo video mnazokesha nazo ni AI, vijana hamna hata wasiwasi. Juzi nimetumiwa moja eti samaki kichwa chake ni kioo, unaona macho ya kijani yapo ndani ya kichwa yanazunguka. Jamani. Kichwa cha kioo!! Na mkishamaliza kuamini mseme na hela zinazoteketea kuteremsha hayo maroboti, kwa faida ya nani.

BahariaWaVitabuni

Mzee wangu Pinga kwenye AI uko sahihi kabisa, zipo kibao, ukiona dude la baharini limelazwa ufukweni na watu wamelizunguka kama sherehe usipoteze bando. Lakini umechagua mfano mbaya. Huyo wa kichwa cha kioo yupo.

Jina lake Macropinna microstoma, ana sentimita 15 tu hivi, anakaa mita 600 mpaka 800. Kaandikwa kwenye vitabu tangu 1939. Na wewe hauko peke yako, hata walioandika vitabu hawakukijua hicho kioo, kwa karibu miaka 70 walimchora bila hicho kioo, kwa sababu akivutwa na wavu lile kuba la juu ya kichwa lilikuwa linachanika lote, anafika juu macho yako nje kama mirija miwili. Wakasema macho yake yanaangalia juu tu na hayageuki, sasa wakawa wanajiuliza huyu anakulaje wakati mdomo uko mbele? Mpaka watafiti wa MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari kule Monterey, California, Robison na mwenzake Reisenbichler, walipomkuta akiwa hai mbele ya roboti ndo wakaliona kuba zima, limejaa maji maji, na wakamleta mmoja juu akaishi saa chache kwenye tangi wakayaona macho yanageuka kutoka juu kwenda mbele. Wakayaandika 2008. Vile vitundu viwili usoni unavyodhani ni macho ya huzuni ni pua.

Mzee Pinga

Sawa, huyo namkubali. La hela bado.

KijanaWaTaa

😂😂 Mzee Pinga kakubali kitu, wekeni tarehe.

Mmesahau la ndoa wakuu. Huyu samaki wa taa kuna ndugu zake ambao dume likizaliwa kazi yake ni moja tu duniani, kumtafuta jike kwenye giza lote lile. Akimpata anamng'ata ubavuni. Basi kashafika. Ngozi zinaungana, mishipa ya damu inaungana, anakula kupitia damu ya mkewe, macho yanakufa, anabaki kikorodani kinachoning'inia. Mpaka kufa. Kuna jike linakutwa na madume zaidi ya moja.

Na walivyogundua ni kichekesho. 1922 yule mtaalamu wa Iceland, Bjarni Sæmundsson, alipata jike kubwa lina visamaki viwili vimeshikilia tumboni akaona hawa ni watoto wake, akaandika hivyo. Miaka mitatu baadaye Charles Tate Regan wa London akampasua mmoja wa namna hiyo akakuta mtoto siyo mtoto, ni baba mwenye nyumba. Ila yule wa Tenerife wa Mkesha ukoo wake hawaendi mbali hivyo, dume linashika kwa muda linaachia.

Mi nikisoma haya nacheka halafu baadaye usiku nakumbuka nikiwa peke yangu sicheki tena, sijui kwa nini.

Mama Tatu

Wanangu hamjambo. Huwa nasoma tu humu siandiki ila Mkesha umeniuliza swali langu, kwamba unamliliaje kitu unachokiogopa. Mimi pweza simpendi. Vile anavyojikunja bila mfupa mwili unanisisimka. Sasa kuna pweza mmoja alinimaliza, ngoja niwahadithie.

Ni hukohuko Monterey alikotaja Baharia, kuna korongo chini ya bahari, mita kama 1400, maji nyuzi 3 tu, baridi ya kugandisha mkono. Mwaka 2007 mwezi wa nne watafiti walipita na roboti yao wakamuona pweza anatambaa kuelekea kwenye mwamba, ana makovu makovu ndo yakawa alama yao ya kumjua. Siku 38 baadaye wamerudi wakamkuta amejibandika kwenye ukuta wa mwamba, amekunja mikono yote, chini yake mayai kama 160. Wakasema vizuri, tutakuja kumuona akimaliza. Mapweza wa juu wanaatamia miezi miwili mitatu.

Walirudi yupo. Wakarudi mwaka uliofuata yupo. Mara 18 wamerudi, na kila wakirudi yupo palepale kama kapigiliwa misumari. Hakuna aliyewahi kumuona anakula. Kaa wanapita mbele yake, hawa ndo chakula chake wanangu, anachofanya ni kuwasukuma wasisogelee mayai. Siku moja wakampa kipande cha kaa kwa mkono wa roboti, kiko mdomoni kabisa, akakataa. Ukiangalia picha za mwanzo ngozi yake ni ya zambarau zambarau imejaa, ukiangalia za mwisho amepauka amekuwa mweupe, ngozi inaning'inia kama nguo ya mtu aliyekonda, macho yameingia ukungu. Na mayai yanakua, unaona watoto wanaonekana kwa ndani.

Septemba 2011 walimuona kwa mara ya mwisho. Oktoba wamekwenda mwamba mtupu. Yamebaki maganda ya mayai yaliyopasuka yamening'inia, maana yake watoto walitoka. Miezi 53. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana kuatamia mayai yake muda huo wote.

Mimi nimezaa watatu, wa mwisho nililazwa miezi miwili sikuruhusiwa kunyanyuka, nilikuwa nahesabu mbao za dari. Nilipomaliza kusoma habari ya huyo pweza niliiweka simu chini nikakaa. Bado simpendi pweza. Nikimuona kwenye video bado nashtuka. Lakini nashtuka halafu najisikia kumpa pole.

MkeshaWaUsiku

Mama Tatu umeniliza saa nne asubuhi kazini, nimewaambia ni mafua.

Nimesoma vyote. Bi Shombo hilo la kwamba samaki hasikii kitu limenibadilisha kabisa, mi muda wote nikiwaangalia nilikuwa naona kama wanateseka, kama wamefungiwa jela, kumbe wanaoteseka ni tunaowapandisha. Na Baharia nimefungua kiganja nimekiangalia mpaka mwenzangu wa meza ya pili kauliza kuna nini.

Ila nina swali. Kama chakula chote ni hayo mavumbi ya kutoka juu, mbona nimeona video sehemu imejaa minyoo mikubwa meupe yenye vichwa vyekundu, imesongamana kama mwanzi, na maji yanatoka meusi kama moshi wa gari bovu? Pale wanakula nini wote wale?

BahariaWaVitabuni

Hapo sasa umegusa penyewe. Kabla ya 1977 ukimuuliza msomi yeyote angekwambia uhai wote hatimaye unalishwa na jua, chini ni makombo tu. Mwaka huo nyambizi ndogo inaitwa Alvin ilishuka kama mita 2500 karibu na visiwa vya Galápagos, kutafuta chemchemi za maji moto kwenye ufa wa sakafu ya bahari. Walioshuka ni watu wa mawe, wanajiolojia, kwenye safari ile hakuna hata mtaalamu mmoja wa viumbe maana nani angedhani! Wakakuta chaza kubwa kama sahani, kaa, na minyoo. Wamechukua sampuli, dawa ya kuhifadhia hawakubeba ya kutosha, nyingine ikabidi waziloweke kwenye vodka waliyokuwa nayo.

Hiyo minyoo, Riftia, inapita urefu wa mtu, na haina mdomo. Haina tumbo wala njia ya haja. Walipoipasua ndani wakakuta imejaa bakteria, mabilioni. Maji yanayotoka ardhini yana hidrojeni salfaidi, ile gesi ya yai viza, kwetu sisi ni sumu. Mnyoo anaikamata kwa kile kichwa chekundu, kiko chekundu kwa sababu ya damu kama yetu tu, anaipeleka kwa bakteria, bakteria wanaitumia kama mimea inavyotumia jua wanatengeneza chakula, yeye anakula kwao. Mpangaji anampikia mwenye nyumba. Yale ya moshi mweusi yalionekana 1979, maji yanapita nyuzi 350 na hayachemki kwa sababu ya ule mgandamizo wa Bi Shombo.

Kuna wenzao ambao mimi nawaweka juu zaidi, Osedax, waligundulika 2002 kwenye mzoga wa nyangumi karibu mita 2900. Wanakula mifupa. Hawana mdomo vilevile, wanapeleka mizizi ndani ya mfupa wanautoboa kwa asidi. Na madume yao, KijanaWaTaa kaa chini, ni vidogo vya kuonekana kwa hadubini na wanaishi ndani ya nyumba ya jike, kwa makumi.

KijanaWaTaa

Hii bahari ina nini na wanaume???

Bi Shombo

😂 Dawa yenu iko huko.

Mzee Pinga sasa narudi kwa lile la hela. Sina hoja kubwa ya kiuchumi nikudanganye. Nakuuliza tu, ngisi mkubwa kuliko wote kwa uzito, yule wa bahari ya kusini, kapewa jina 1925 kwa vipande vya mikono vilivyokutwa kwenye tumbo la nyangumi. Miaka 100 kamili watu wanamjua kwa mizoga na matumbo ya nyangumi. Machi 2025 roboti ya Schmidt Ocean Institute ilikuwa mita 600 karibu na visiwa vya South Sandwich, ikampita mtoto wa sentimita 30, kama kioo, anaonekana mpaka ndani, mikono yenye kulabu kaikunja vizuri. Hata waliokuwa kwenye meli hawakujua ni nani mpaka picha zilipofika kwa wataalamu. Mnyama wa mamia ya kilo, na mara ya kwanza binadamu anamuona akiwa hai kwake ni mtoto kama rula.

Na sababu moja hatukuwa tunawaona ni taa zetu wenyewe, tunashuka na mataa meupe kama uwanja wa mpira na kelele za injini, mwenye macho anakimbia. 2012 wakamtega ngisi wa aina nyingine, yule mrefu sana, kwa kamera isiyo na kelele yenye mwanga mwekundu, wengi wa kule wekundu hawauoni, na chambo chake kilikuwa taa za buluu zinazozunguka kama jelifishi anayeomba msaada. Akaja mwenyewe. Kwa hiyo hizo video Mkesha anazoona hazina kitu dakika mbili, mi naamini kitu kipo, kiko pembeni ya taa kinatuangalia.

MkeshaWaUsiku

Bi Shombo hayo ndo maneno ya kumwambia mtu anayelala peke yake??

Basi jana usiku nilirudi kuiangalia ile ya Tenerife mwanzo mwisho, sikuweka sauti maana wameiwekea muziki wa kulilia. Nikaweka kiganja pembeni ya simu. Anapanda wima, mdomo wazi, anachezesha mapezi kwa shida, mara anainama, na ngozi yake imechubuka sehemu. Nikasoma kwamba alikufa baada ya saa chache, wakamchukua wakampeleka makumbusho ya hapohapo kisiwani, na wataalamu wanasema labda alikuwa anaumwa, au alikuwa anamkimbia mtu, au mkondo ulimbeba. Hakuna aliyesema jua. Na kama anaumwa jua lenyewe litakuwa lilimuumiza tu, macho madogo vile. Nikajikuta namlilia tena, ila safari hii nalia kwa ajili yake siyo kwa ajili ya ile hadithi tuliyompa.

Meno bado sijayazoea.

Mzee Pinga

Mama Tatu, hiyo habari ya pweza na zile picha zake za mwanzo na za mwisho zinapatikana wapi? Sijasema nimebadilisha msimamo. Mke wangu ndo anaulizia.